Tajiri wa Chumba cha Taka

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wanaokaa humo wanaijua, na wasiokaa humo wakisimuliwa husema hiyo ni kwao. Tuseme tu ilikuwa nchi yenye bendera nzuri, wimbo mrefu, na Wizara ya Makazi na Matumaini. Katika mgawanyo wa kazi za wizara hiyo, makazi yalishughulikiwa na waheshimiwa, na matumaini yakaachiwa wananchi.

Wizara ilijenga nyumba za umma mia tatu na ishirini, majengo kumi ya ghorofa nne nne, mahali palipoitwa Kota za Faraja. Sheria iliyozianzisha ilikuwa fupi na yenye huruma: atakaa humo mwananchi ambaye kipato chake hakizidi shilingi laki moja kwa mwezi. Ugawaji ulifanyika kwa kasi ya kupendeza, siku mbili kabla ya tangazo la kuomba nyumba kubandikwa ukutani. Waliopata walikuwa wakurugenzi, shemeji za wakurugenzi, na mbwa mmoja wa mkurugenzi ambaye jina lake lilifanana na la binadamu.

Hawakuhamia. Mtu mwenye jumba la vyumba saba hawezi kuhamia vyumba viwili bila kuwakwaza wageni wake. Walitia makufuli, wakangoja bei ya nyumba ipande waziuze. Ila kwa kuwa walikuwa watu wenye moyo, hawakuacha kila kitu kiozee hapo. Stoo, vibaraza na nafasi za chini ya ngazi waliwapangisha maskini.

Hivyo ndivyo Sikudhani Pazi alivyokuja kukaa chumba cha taka cha Jengo la Tatu.

Kilikuwa chumba cha chini, hatua nne kwa tatu, chenye tundu ukutani la kuteremshia taka kutoka ghorofa za juu. Juu hapakuwa na mtu, kwa hiyo hapakuwa na taka, na kwa miaka mitano kilibaki chumba kisafi kuliko vyote vya serikali. Kodi yake, elfu thelathini kwa mwezi, aliichukua Bwana Salehe Dihenga, mwenye nyumba namba kumi na nne hapo juu. Bwana Dihenga alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Bandari, katika nchi isiyo na bahari, wala ziwa, wala mto wa kumzamisha bata. Kazi ilikuwa nzito na ilimchosha.

Sikudhani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwepesi wa kazi, mpika chapati kwenye lango la kota. Alikaa na mama mkwe wake, Bi Kidawa, ambaye miguu ilikuwa imemkataa lakini ulimi ulikuwa bado unamtii. Mume wa Sikudhani, mtoto pekee wa Bi Kidawa, alikuwa fundi wa lipu. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo wakati wa ujenzi. Siku ya mazishi alikuja ofisa mmoja, akasema serikali haitawasahau, wao wawili watapewa nyumba ya kwanza kukamilika. Baadaye ofisa huyo alihamishwa idara, akahama na ahadi yake.

Sikudhani hakuomba makubwa. Alitaka jina lake liandikwe kwenye daftari la wakazi, ili siku Bwana Dihenga akikata shauri la kumtoa, pawe na karatasi inayosema hapa palikuwa na mtu.

*

Mambo yalianza na barua. Wafadhili waliotoa fedha za ujenzi, watu wa mbali wenye tabia ya kuuliza maswali, walitaka kujua nani anakaa Kota za Faraja, wa umri gani, wangapi kwa kila nyumba, na wanapata kiasi gani. Wizara ilishtuka kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe. Baada ya vikao saba na posho zake, ikatangazwa Sensa ya Wakazi na Vipato. Mkazi asiyekutwa nyumbani atanyang'anywa nyumba. Atakayekutwa na akaonekana si maskini, atanyang'anywa pia.

Sikudhani alilisoma tangazo mara mbili, akakimbia ndani na unga mikononi.

"Mama, tunahesabiwa."

"Tumeshahesabiwa sana, mwanangu," alisema Bi Kidawa bila kugeuka. "Wakati wa uchaguzi, wakati wa chanjo, wakati wa mafuriko. Hatujawahi kuongezeka."

"Safari hii wanaandika na kipato. Maskini ndiye mwenye haki ya kukaa. Sasa nani maskini hapa kutushinda sisi?"

"Hapo ndipo utakapoona," alisema Bi Kidawa. "Subiri, watatokea maskini wa kutushinda."

Hawakungoja sana. Siku tatu kabla ya sensa, magari yalianza kuingia. Yalikuwa makubwa na meusi, vioo vimefungwa, na madereva waliagizwa wakayafiche nyuma ya kituo cha mafuta. Wakashuka wakazi. Wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kuyaona makazi yao, wakawa wanaulizana Jengo la Nane liko wapi.

Bi Eshe, mke wa Bwana Dihenga, alibisha hodi chumba cha taka akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Kingine kilikuwa kimenasa kwenye mtaro. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyezoea kufanyiwa mambo.

"Dada, samahani. Wewe ndiye mpangaji wetu wa hapa chini?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu anasema una vitu vya kimaskini. Tunaomba utuazime."

"Vitu gani?"

Bi Eshe alifungua karatasi, akasoma kama anayesoma orodha ya harusi. "Sufuria yenye masizi. Mkeka uliokatika. Kanga zilizopauka, jozi mbili. Ndoo isiyo na mshikio. Jiko la mkaa. Na kama una neti iliyochanika."

Sikudhani alimtazama mama mkwe wake. Bi Kidawa alisema, "Kuazima hapana. Kukodi."

Basi akamkodisha. Haikupita saa, jirani wa namba kumi na tano naye akaja kutaka kigoda, na wa kumi na sita akataka mwiko ulioungua. Kufikia jioni chumba cha taka kilikuwa kitupu. Hata godoro lilipanda ghorofa ya pili, likatandikwa mahali ambapo wageni wa wizara wangeliona vizuri. Siku ya pili walitaka na mafunzo, kwa sababu sufuria peke yake haikutosha. Ilibidi mtu ajue kuishika.

Sikudhani aliwafundisha. Aliketi na Bi Eshe kwenye kibaraza cha namba kumi na nne, jiko katikati yao, moshi ukimwingia Bi Eshe machoni.

"Pepea taratibu. Ukitumia nguvu majivu yanaruka."

"Na hii mnafanya kila siku?"

"Mara mbili."

"Kwa hiari?" Bi Eshe aliuliza, na hakuwa anafanya mzaha. Halafu akajaribu majibu aliyokaririshwa. "Jana tulikula ugali na mchicha. Juzi tulikula ugali na mchicha. Dada, huo mchicha unachumwa au unaagizwa?"

"Sema tu mchicha. Akiuliza zaidi, angalia chini."

"Niangalie chini kwa muda gani?"

"Mpaka aone haya."

Kwa ukodishaji na mafunzo, Sikudhani alipata shilingi laki moja na arobaini elfu ndani ya siku tatu. Hakuwahi kushika kiasi hicho kwa mara moja. Alizifunga kwenye pindo la kanga moja aliyobakiza, akamwambia mama mkwe wake kuwa Mungu si mbaya, kwanza hela, kisha daftari. Bi Kidawa, aliyekuwa amekaa kwenye sakafu tupu, alisema mgongo unamuuma.

*

Karani wa sensa aliitwa Lumwe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai moja na uaminifu mwingi, na ndiyo maana katika miaka ishirini na mbili ya utumishi alikuwa bado karani. Alipewa fomu yenye maswali mia mbili na kumi na mbili, pamoja na onyo: fomu isijadiliwe.

Namba kumi na nne alimkuta Bwana Dihenga amekaa kwenye mkeka, amevaa fulana iliyotobolewa kwa mkasi asubuhi hiyo.

"Kazi yako, mzee?"

"Nahangaika hangaika bandarini."

"Mshahara?"

"Huo ni siri ya serikali."

Karani Lumwe alifungua kijitabu cha maelekezo. Kilisema siri za serikali zisiandikwe. Kilisema pia pasiachwe nafasi tupu. Akaandika sifuri.

"Umeoa?"

"Mimi mjane," alisema Bwana Dihenga. Wajane walipata alama tano za ziada.

Bi Eshe, aliyekuwa anapepea jiko pembeni, aliinua kichwa. Mumewe akamkazia macho, naye akaangalia chini, muda mrefu, kama alivyofundishwa.

"Na huyu mama?"

"Dada wa marehemu. Kaja kunifariji."

"Wategemezi?"

"Kumi na mmoja. Wametoka kidogo."

Namba kumi na tano alikuta mjane mwingine mwenye mke. Namba kumi na sita alikuta bibi wa miaka mia na tisa, kwa maandishi, anayepaka rangi kucha. Kila ghorofa wategemezi walikuwa kumi na mmoja na kila ghorofa walikuwa wametoka kidogo. Karani Lumwe alijumlisha wakati wa kushuka ngazi, akaona kuwa Kota za Faraja zina watu wengi kuliko wilaya iliyozizunguka. Aliifunga kalamu, akaifungua tena, akabisha hodi chumba cha taka.

Sikudhani alikuwa amejitayarisha tangu alfajiri. Alikuwa amefagia, ingawa hapakuwa na kitu cha kufagiwa.

"Karibu, baba. Samahani, hatuna hata kigoda."

Bi Kidawa alipokea shikamoo yake akiwa sakafuni. Karani aliandika amesimama.

"Mama, hapa mnaishi watu?"

"Tunaishi. Naomba uandike hivyo, kwa herufi kubwa. Sikudhani Pazi. Na huyu ni mama mkwe wangu, Kidawa binti Mzale."

"Ukienda kwenye biashara, nani anabaki na nyumba?"

"Yeye. Hatembei."

Karani alitafuta kwenye fomu, mahali pa mtu anayebaki na nyumba. Palikuwa na nafasi moja tu. Akaandika: *mlinzi, wa kudumu, mmoja.*

"Vyombo vya kupikia?"

Sikudhani alisita. Alikuwa ameapa kwa wateja wake kwamba hatamwambia mtu. "Kwa leo havipo."

"Kitanda? Godoro? Mkeka?"

"Navyo havipo kwa leo."

Kijitabu kilieleza kwamba asiye na vyombo vya kupikia ni mtu anayekula hotelini, na asiye na kitanda ana nyumba nyingine. Karani Lumwe aliandika yote mawili, huku akikitazama chumba kile.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "swali linalofuata ni la kipato cha siku saba zilizopita. Nalazimika kukukumbusha kuwa kusema uongo ni kifungo miaka sita. Fikiri vizuri kabla hujanijibu."

Kwa kusema hivyo alikuwa anamwomba aseme uongo. Sikudhani hakulielewa hilo. Aliwaza jambo moja tu, kwamba jina lake liko kwenye karatasi ya serikali kwa mara ya kwanza na hataki kulichafua.

"Laki moja na sitini. Chapati elfu ishirini, na hii nyingine ni ya kukodisha."

"Kukodisha nini?"

"Vitu vyangu."

Fomu iliamuru kipato cha wiki kizidishwe mara hamsini na mbili. Karani alizidisha. Akazidisha tena pembeni, kwa mkono, akiomba jibu libadilike. Likaja lile lile, milioni nane na ushee kwa mwaka.

"Tumeandikwa?" Sikudhani aliuliza.

"Mmeandikwa," alisema Karani Lumwe, akatoka bila kuaga.

*

Matokeo yalitangazwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Kilua, chini ya maturubai, mbele ya wafadhili, bendi ya polisi na keki yenye umbo la ghorofa. Wakazi wa kota waliketi mstari wa mbele na fulana zao zilizotobolewa. Sikudhani alikuwa nyuma. Alimleta Bi Kidawa kwa mkokoteni wa muuza maji, ili naye asikie majina yao yakisomwa.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "sayansi imesema, na serikali yenu sikivu imeisikia. Katika kaya mia tatu na ishirini za Kota za Faraja, kaya mia tatu na ishirini hazina kitu kabisa. Wastani wa kipato chao kwa mwezi ni shilingi sifuri na nukta. Hiyo nukta wataalamu wanaifuatilia."

Wafadhili walipiga makofi, wengine wakifuta machozi.

"Asilimia tisini ya wanaume ni wajane. Nataka kuwapa pole. Asilimia arobaini ya wakazi wamevuka miaka mia moja. Hilo, ndugu zangu, ni ushahidi wa huduma zetu za afya. Kwa sababu hiyo, kuanzia leo nyumba hizi ni zao moja kwa moja, na hati zitatolewa bure kabla ya keki."

Mstari wa mbele ulisimama kushukuru. Waziri aliwakalisha kwa kiganja.

"Lakini katika shamba hili la ngano tumekuta gugu moja. Chini kabisa ya Jengo la Tatu, sensa imembaini mama mmoja mwenye kipato cha milioni nane kwa mwaka. Ana mlinzi wa kudumu. Anakula hotelini. Amejificha kwenye chumba cha taka, akinyonya ruzuku iliyokusudiwa wanyonge hawa mnaowaona." Alinyamaza ili bendi ipige kidogo. "Huyo atatoka ndani ya saa ishirini na nne. Sisi hatuna hasira naye. Tumejifunza kwake. Kama mtu anaweza kutajirika hivyo ndani ya chumba cha taka, kosa letu lilikuwa kuwajengea wananchi vyumba vya kawaida. Nafurahi kutangaza Awamu ya Pili: vyumba vya taka mia tano. Na kile cha mama huyu kitahifadhiwa, kizungushiwe kamba, wageni waje kujifunza."

Sikudhani hakusikia mwisho wa hotuba. Masikio yalimzibika, na kwa muda alidhani ni bendi. Alimwinamia mama mkwe wake.

"Mama, wanatusema sisi?"

"Wanakusema wewe," alisema Bi Kidawa. "Mimi ni mlinzi." Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi, na hakuuachia mpaka watu walipoanza kugombania keki.

*

Asubuhi yake watu wa wizara walikuja na kamba. Sikudhani alikuwa ameshatoa kila kitu, yaani kanga moja na Bi Kidawa. Wao wawili wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta alioupiga lipu marehemu mumewe, wakifikiria pa kuelekea. Hela za ukodishaji zilikuwa zimekwenda jana yake. Kwa kuwa ni mkazi mwenye uwezo, alidaiwa kodi ya mapato, na mpokeaji kodi alikuwa amemngojea hapo hapo mkutanoni.

Bi Eshe akashuka ngazi mbio, akihema.

"Dada, usiondoke. Wafadhili wameandika tena. Wanasema wameguswa mno. Watakuwa wanatutembelea bila taarifa, siku yoyote, saa yoyote, kuangalia tunavyoishi. Nyumba itakayokutwa tupu, hati inafutwa. Mume wangu anataka nikae huko juu. Mimi." Akaketi kwenye ngazi. "Jana usiku nimejaribu. Maji hayatoki, dada. Hivi mnajua kwamba maji hayatoki?"

"Tunajua."

"Kaa wewe. Kaa badala yangu. Vitu vyako viko kule kule juu, hutapata hata shida ya kuhamisha. Wakija, sema wewe ndiye Eshe."

Sikudhani alimtazama Bi Kidawa. Bi Kidawa alizitazama ngazi.

"Kodi je?" aliuliza Sikudhani.

Bi Eshe aliona aibu kidogo. "Anasema elfu hamsini. Sasa ni nyumba kamili, si chumba cha taka."

Sikudhani akambeba mama mkwe wake mgongoni, ghorofa mbili, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Juu walikuta godoro lao, jiko lao, ndoo yao isiyo na mshikio, na dirisha. Bi Kidawa aliomba akalishwe dirishani. Alikaa hapo mpaka adhuhuri akiangalia watu wanavyopita chini, na hakulalamikia mgongo.

Wiki ya pili Karani Lumwe alibisha hodi, ametumwa kuhakiki. Sikudhani alipofungua mlango, walitazamana. Chapati ilianza kuungua jikoni. Karani ndiye aliyeangalia chini kwanza, kwenye fomu yake.

"Jina?"

Alilipenda jina lake. Lilikuwa la bibi yake, na siku ya sensa alitaka liandikwe kwa herufi kubwa.

"Eshe Dihenga."

Kalamu ilisimama hewani, kisha ikaandika. "Kipato cha mwezi, Bi Eshe?"

"Elfu sabini, chapati zikitoka. Kodi natoa hamsini."

"Mlikula nini jana?"

"Ugali na mchicha."

"Mume?"

"Amekufa."

Aliyajibu yote, moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza, na Karani Lumwe aliandika bila kufungua kijitabu. Katika miaka ishirini na mbili ya utumishi ilikuwa fomu yake ya kwanza ambayo kila jibu lilikuwa la kweli isipokuwa jina. Alifika ukurasa wa mwisho, akafuta jasho.

"Swali la mwisho. Wizara inamtafuta yule mama aliyekuwa chini. Anadaiwa salio la kodi ya mapato ya mwaka mzima. Unamfahamu alikokwenda?"

Dirishani, Bi Kidawa aligeuza kichwa, akangoja kumsikia mkazamwana wake atasema nini.

"Nilikuwa namfahamu," alisema Sikudhani. "Alikuwa tajiri sana. Watu wa namna ile hawakai sehemu moja."